Naomba ushauri: siku moja nje ya Dar na watoto watatu na bibi yao. Bagamoyo, Mbudya au Mikumi?

Mama Watatu wa Tabata

Wanajamvi, habari za leo. Naomba ushauri, hasa kutoka kwa wale waliokwisha kufika maeneo haya wakiwa na watoto wadogo, kwa sababu waliokwenda na marafiki zao tu hunieleza mambo ambayo hayanisaidii.

Tunaishi Tabata, nasi tutakuwa sita: mimi na mume wangu, binti yetu wa miaka 13 aliyemaliza darasa la saba mwaka huu, mdogo wake wa kiume wa miaka 8, kitinda mimba wa miaka 3, na mama mkwe wangu aliyetimiza miaka 70 na ambaye magoti yanamsumbua. Januari binti anaanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Kabla hajaondoka natamani tupate siku moja ya sisi sote, ambayo akiwa huko bwenini ataikumbuka na kuwasimulia wenzake.

Mwaka jana tulijaribu jambo hili na halikufanikiwa. Tulikodi gari pamoja na dereva, tukapangiwa sehemu tatu kwa siku moja. Mdogo alitapika mara mbili, sehemu ya tatu tuliitazama kupitia dirishani, na bibi alishinda garini kwa sababu hakuna kati yetu aliyefikiria mapema angekaa wapi. Shangazi yake alipomuuliza binti safari ilikuwaje, alijibu, "Tulikaa kwenye gari." Jibu hilo linaniuma hadi leo.

Safari hii mume wangu anapendelea hifadhi ya wanyama ya Mikumi, kwa kwenda Morogoro na treni ya SGR, ile ya reli mpya ya kisasa, kwa kuwa mtoto wa kiume hana wimbo mwingine isipokuwa tembo. Binti anataka bahari, na amesikia sifa za kisiwa cha Mbudya. Mimi moyo wangu uko Bagamoyo, lakini ninaogopa kwamba watoto watachoshwa na magofu. Gari letu dogo lipo, na nimetenga shilingi 250,000 bila kuhesabu mafuta. Naomba kuwasilisha.

Baba Junior

Dada, mimi niliipeleka familia yangu Mikumi kwa njia hiyohiyo anayoipendekeza shemeji. Treni yenyewe ni raha tupu na watoto hawatabanduka dirishani. Ilipoanza Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida hadi Morogoro ilikuwa shilingi 13,000, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 alilipiwa nusu, kwa hiyo binti yako wa miaka 13 mhesabu pamoja na watu wazima. Mwendo wa treni ni kama saa mbili hivi.

Tatizo linaanza mnaposhuka. Kutoka Morogoro hadi lango la hifadhi ni takriban kilomita 100, ambazo utazisafiri kwa gari la kukodi, na barabara inapopita ndani ya hifadhi mwendo ni wa taratibu kwa ajili ya wanyama, jambo ambalo ni la haki kabisa. Jumlisha kwenda na kurudi: ni saa nane au zaidi za kukaa kitini kabla hujamwona twiga hata mmoja, kisha ndani ya hifadhi kwenyewe mnatazama wanyama mkiwa mmekaa kitini vilevile. Kwa mtoto wa miaka 3 aliyekwisha kutapika safari iliyopita, na kwa magoti ya mama, ninaona mtakuwa mmeirudia siku ya mwaka jana kwa gharama kubwa zaidi. Mikumi inahitaji kulala usiku mmoja ili alfajiri muwakute wanyama kwenye tambarare za Mkata jua likiwa bado halijawa kali. Mwahidini kijana tembo wake kwa likizo ya Juni, na ahadi hiyo muitimize.

Bint Kunduchi

Mbudya ninaifahamu vizuri kwa sababu nimekulia Kunduchi. Kisiwa kimo katika hifadhi za bahari za Dar es Salaam zilizotangazwa mwaka 1975, mchanga wake ni mweupe, maji ni safi, na samaki wa kuchoma wapo. Binti yako atapapenda. Hata hivyo nina mambo mawili ya kukueleza bila kuficha.

La kwanza ni bibi. Mashua haifiki hadi mchangani pakavu, kwa hiyo mtu hushuka ndani ya maji, mara nyingine yakiwa ya magotini, huku chombo kikiyumba. Nimewaona wazee wakibebwa mgongoni na mabaharia, na si kila mzee hupendezwa na jambo hilo mbele ya wajukuu zake. La pili ni jaketi okozi. Usikubali kupanda mpaka umeliona jaketi linalomtosha mtoto wa miaka 3, ukamvalisha na kulifunga wewe mwenyewe. La mtu mzima halimfai, kwa sababu akianguka majini litampanda usoni na yeye atateleza kutoka chini yake. Ikiwa bibi atabaki nyumbani, nendeni Mbudya, lakini kama umedhamiria watu wote sita, mimi nisingeichagua.

Mzee wa Mikokoni

Binti yangu, nimeishi Bagamoyo zaidi ya miaka arobaini, na wajukuu zangu wanaotoka Dar ninawatembeza mimi mwenyewe. Magofu hayawachoshi watoto. Kinachowachosha ni maelezo marefu wakiwa wamesimama juani. Kaole fikeni mapema, saa tatu asubuhi, kabla mawe hayajapata moto. Ni kama kilomita tano kabla ya mji, upande wa kusini. Hapo kuna mabaki ya misikiti miwili na makaburi ya zamani, mengine yakiwa na nguzo ndefu za mawe ya matumbawe. Mpeleke kijana karibu na nguzo, umwonyeshe vishimo vya mviringo vilivyomo, umwache akisie vilikuwa vya nini. Akishindwa, mwambie kwamba mlipachikwa mabakuli ya Kichina yaliyokuja kwa majahazi, kisha mwingie kwenye makumbusho madogo palepale akatazame vyombo vya namna hiyo. Wangu mmoja alitia kidole kwenye kishimo na kukizungusha taratibu, akaniuliza aliyekula kwenye bakuli lile mara ya mwisho alikuwa nani. Nilikosa jibu, nasi tukakaa chini kulifikiria.

Upo pia mbuyu mkubwa, ambao wenyeji husimulia kwamba anayeuzunguka huongezewa umri. Huo ni mchezo tosha kwa mdogo wa miaka 3, na bibi naye atapata kivuli. Bandari ya zamani ya Kaole imegeuka kuwa msitu wa mikoko, kwa hiyo msitafute pwani ya kuogelea hapo.

Kutoka Kaole nendeni Misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868. Pana miti mikubwa na utulivu, na bibi ataona raha kukaa. Kwa binti aliyemaliza darasa la saba, hapo ndipo penye uzito. Mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi kutoka Uingereza, ulilazwa hapo Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, alikofariki Mei 1873. Muulize yeye ni watu gani wanaobeba maiti kwa miezi mingi hivyo, na kwa nini majina yao hayatajwi mara nyingi kama la yule waliyembeba. Habari za watumwa nazo msimfiche. Ana umri wa kuzielewa. Wadogo waonyesheni mbuyu wa misheni, uliokua ukaumeza mnyororo uliofungwa shinani, na kipande chake bado kinachungulia kwenye gome.

Msiongeze sehemu ya tatu. Ngome, Boma la Wajerumani na milango ya nakshi ya Mji Mkongwe mtaiona mkipita kuelekea pwani, na hiyo inatosha.

Mama Watatu wa Tabata

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Baba Junior, hesabu yako ya saa nane nimemsomea mume wangu naye amekubali, ila ameniandikisha ahadi ya tembo kwenye kalenda ya ukutani.

Yamebaki mawili. Mzee, binti ameshikilia kwamba ni lazima aogelee, nami mwaka fulani nilifika Bagamoyo asubuhi nikakuta bahari imekwenda mbali kabisa, ngalawa zimelala mchangani. Nitajuaje siku nzuri? La pili ni usingizi wa mchana wa mdogo: asipolala, kuanzia saa tisa hakuna atakayekuwa na amani.

Mzee wa Mikokoni

Marahaba, binti yangu. Tazama mwezi kabla ya kutazama kalenda. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tuna bamvua. Siku hizo maji hupwa sana, na hupwa karibu saa nne asubuhi, kisha hujaa karibu saa kumi jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wiki moja baadaye huja maji mafu, ambayo hayapwi mbali wala hayajai sana, na siku hizo hujaa asubuhi, wakati nyinyi mko Kaole.

Kwa hiyo chagua Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu. Ile bahari iliyokimbia uliyoikuta ndiyo ya bamvua, na kwa ratiba yenu inafaa kuliko nyingine, kwa sababu asubuhi hamwihitaji. Mkifika pwani saa tisa alasiri mtayakuta maji yanapanda yakiwa na vuguvugu, kwa kuwa yamepita juu ya mchanga uliopigwa na jua. Aogelee palipo na watu, nawe au baba yake awe ndani ya maji pamoja naye. Kuondoka iwe saa kumi na moja na nusu.

Bi Nusra

Kuhusu usingizi, nakushauri kwa uzoefu wa watoto wanne. Usitegemee alale garini, kwa sababu safari kati ya Kaole na mjini ni fupi mno, na mtoto anayeamshwa baada ya dakika kumi ni afadhali asingelala. Beba mkeka, mto wake na kanga aliyoizoea nyumbani, umlaze chini ya mwembe saa saba baada ya chakula, na bibi akae naye huku nyinyi mnawatembeza wakubwa kwenye makumbusho ya misheni. Hapo bibi atakuwa na kazi yake na heshima yake, hatakuwa mtu wa kusubiriwa. Mbebee kiti cha kukunja chenye mgongo, kwa maana kukaa chini na kuinuka ndiko kunakoyaumiza magoti kuliko kutembea.

Chakula pika nyumbani: pilau kwenye hotipoti, matunda, na maji mengi, kwa kuwa Desemba joto la kaskazi halina huruma. Fedha utakayookoa mnunulie kila mtu dafu, na jioni samaki wa kukaanga. Na kwa mdogo anayetapika, mlishe mkate mkavu kidogo kabla ya kutoka, chai ya maziwa asinywe, na muondoke Tabata saa kumi na mbili asubuhi ili mpite Mwenge na Tegeta kabla ya foleni.

Mama Watatu wa Tabata

Nimekwenda nje kuutazama mwezi sasa hivi, pamoja na watoto. Bado ni mwembamba. Binti amehesabu kwa vidole na kupata Jumamosi ya wiki ijayo, siku moja baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo maji yatajaa karibu saa kumi na dakika hamsini. Bibi yake amekwisha kumwambia kwamba kanga ya mkekani ataichagua yeye.