Tupeane uzoefu: kupanga safari fupi ya miji kadhaa ya kusini mwa Uhispania pamoja na marafiki

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu zangu, mwezi wa Aprili mwaka jana tulikwenda Andalucía tukiwa marafiki watano, kwa siku saba na miji sita, na tangu niliporudi nimekuwa nikijiuliza kwa nini safari tuliyoiwekea akiba kwa miaka miwili imebaki kichwani mwangu kama mfululizo wa vituo vya mabasi na mabegi ya kuburuta. Sasa kundi jingine la marafiki limeniomba niwapangie safari ya siku nane mwezi wa Oktoba. Kabla sijalipia chochote, naomba waliokwisha kufika huko watueleze yaliyowakuta wao wenyewe.

Naanza na yangu. Tulilala Málaga usiku mmoja, Ronda mmoja, Cádiz mmoja, Sevilla miwili, Córdoba tukaipitia kwa saa chache, kisha Granada usiku mmoja. Kwenye ramani miji hii iko karibukaribu, kwa kuwa treni ya kasi kutoka Sevilla hadi Córdoba huchukua kama dakika 45 tu, na hapo ndipo tulipokosea hesabu. Nyumba tulizopanga zilitutaka tutoke saa tano asubuhi na zile tulizoziendea zilitupokea kuanzia saa tisa alasiri, kwa hiyo hata safari iwe fupi namna gani, kila kuhama kulitugharimu nusu ya siku.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa Granada. Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu kwamba tiketi za Alhambra, ile ngome ya kale ya wafalme Waislamu, tutazinunua tukishafika. Tulipofika, tiketi za kuingia Palacios Nazaríes, yaani majumba ya wafalme wa ukoo wa Nasr, zilikuwa zimekwisha kwa siku zote zilizotuhusu. Tulipanda mtaa wa kale wa Albaicín hadi kwenye uwanja wa San Nicolás, tukaziangalia zile kuta nyekundu kutoka ng'ambo ya bonde la mto Darro wakati jua linazama. Mwenzetu mmoja, ambaye alikuwa amekuja Uhispania kwa ajili ya Alhambra na si kwa jambo jingine, hakusema neno hata moja mpaka tulipokwisha kushuka kilimani, na kimya kile bado kinaniuma.

Mchangiaji, mzaliwa wa Mombasa, sasa Birmingham

Dada, pole sana. Sisi tiketi tulizipata mapema, lakini nusu ya kundi letu haikuingia, na chanzo chake kilikuwa lugha yetu wenyewe.

Tulikuwa sita: wanne tuliokulia Mombasa na wawili waliozaliwa na kukulia Uingereza katika nyumba za Waswahili. Tiketi zetu ziliandikwa 14:00. Usiku wa kuamkia siku hiyo niliacha ujumbe wa sauti kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, nikasema, "Kesho saa nane kamili tuwe mlangoni pa majumba." Wale wawili wanaelewa Kiswahili vizuri, ila saa wanazihesabu kwa Kiingereza, kwa hiyo "saa nane" kwao ilikuwa saa mbili yetu ya usiku. Walikwenda mjini kula bila haraka, simu mmoja akiwa ameiacha chumbani na mwingine ameizima ili kuokoa chaji. Nilimwomba rafiki yangu mmoja abaki nje kuwasubiri, naye akapitwa na saa pamoja nao, kwa sababu saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya kuingia kwenye majumba yale hasa, na ukiipitisha huruhusiwi kuingia. Waliona bustani za Generalife na ngome ya Alcazaba, wakaukosa ule Ua wa Simba uliowaleta.

Tangu siku ile kila muda tunaouandika katika mipango yetu unaandikwa kwa tarakimu za saa 24 na si kwa maneno. Kumbukeni pia kwamba kutoka lango kuu la tiketi hadi kwenye majumba kuna mwendo wa kama robo saa kwa miguu, na kwamba tiketi huandikwa kwa jina na namba ya kitambulisho, kwa hiyo kila mmoja awe na pasipoti yake mkononi.

Mchangiaji, Nairobi

Niruhusuni nirudi nyuma kidogo, kabla hata ya tiketi, kwa sababu safari yetu ilivunjika kwenye viza.

Tulikuwa wanne wenye pasipoti za Kenya, na kila mmoja alijaza maombi yake ya viza ya Schengen, ile viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, peke yake nyumbani kwake. Mmoja aliandika kwamba tutakaa Sevilla siku zote, mwingine akaambatanisha nafasi ya kulala ya Málaga, na wa tatu akaweka siku mbili za Lisbon, Ureno, ambazo tulikuwa tumekwisha kuziondoa katika mpango. Maombi hupelekwa kwa nchi ambayo mtakaa siku nyingi zaidi, na karatasi zetu hazikuonyesha hata kwamba tunasafiri pamoja. Watatu tulipata viza. Wa nne alinyimwa siku tisa kabla ya ndege, akiwa amekwisha kulipa nauli.

Lililotuumiza zaidi ya fedha ni kwamba hatukuwa tumekubaliana tangu mwanzo tutafanya nini ikiwa mmoja atakosa viza. Wawili walisema twende, mimi nilisema tuahirishe, na yule aliyenyimwa akatuambia twende ilhali moyo wake haukutaka. Tulikwenda. Urafiki wetu ulichukua karibu mwaka mzima kurudi mahali pake.

Kwa hiyo nawasihi, kaeni meza moja siku moja na mjaze fomu zote pamoja, zenye orodha moja ya miji, tarehe zilezile na bima ya safari ya angalau euro 30,000 inayotakiwa kisheria. Maombi yanaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari, na kiwango cha chini ni siku 15, lakini msikaribie hizo 15. Nauli mnunue baada ya viza, au mnunue ile inayorudishwa. Na swali la "mmoja akikosa?" lijibiwe kwa maandishi kabla mtu yeyote hajatoa shilingi yake.

Mchangiaji, Unguja

Nimesoma kwamba mwanzisha mada aliipitia Córdoba kwa saa chache, nami nimesikitika kwa ajili yake, maana mji ule ndio ulioibeba safari yetu.

Tulikwenda wanne, walimu wa shule moja, na tuliamua kulala Córdoba siku mbili ingawa watu walituambia kwamba nusu siku inatosha. Wageni wengi hufika asubuhi kutoka Sevilla au Málaga, wanauona msikiti wa zamani, wanaondoka alasiri, na ikifika jioni vichochoro vya mji mkongwe hubaki na wenyeji wake. Tulivuka daraja la Kirumi juu ya mto Guadalquivir, jina ambalo msomaji yeyote aliyepita chuo cha Kurani atalitambua mara moja kuwa ni Wadi al-Kabir, bonde kubwa. Nyumba zimegeuzia barabara kuta nyeupe, na uzuri wake wote umewekwa ndani, kwenye ua wenye maua na maji. Mtu aliyelelewa Mji Mkongwe wa kwetu Unguja haihitaji tafsiri ya nyumba ya namna hiyo.

Msikiti wenyewe ulianza kujengwa mwaka 785 chini ya mtawala Mwislamu Abd al-Rahman wa Kwanza, ukapanuliwa mara kadhaa, mpaka ukawa na ule msitu wa nguzo zaidi ya 800 zenye matao mekundu na meupe. Mji ulipotekwa na mfalme Mkristo Fernando wa Tatu mwaka 1236, msikiti ulifanywa kanisa, na katika karne ya 16 likajengwa kanisa kuu katikati yake. Leo ni kanisa kuu linalotumika, na Waislamu hawaruhusiwi kusali humo. Hili nalitaja kwa makusudi, kwa sababu mmoja wetu hakulijua. Alisimama mbele ya mihrabu, akainua mikono kuomba dua, na mlinzi akamjia akamwambia kwa adabu kwamba asiendelee. Aliteremsha mikono, akatoka nje, akakaa kwenye ua wa michungwa kwa muda mrefu. Mnaposafiri na watu wa imani mbalimbali, au hata wa imani moja, ambianeni mapema mambo ya aina hii ili mtu asiyapokee kwa mshtuko mahali ambapo moyo wake umefunguka. Siku mbili baadaye tulikwenda Granada, tukasali Magharibi katika msikiti uliofunguliwa mwaka 2003 karibu kabisa na ule uwanja wa San Nicolás, na bustani yake inaitazama Alhambra.

Tulizoea kila jioni kukusanya maneno tuliyoyakuta. Mezquita ni msikiti, azúcar ni sukari, azafrán ni zafarani, aceituna ni tunda la mzeituni, alcalde, yaani meya wao, ni kadhi, na hasta, ambalo kwao ni "mpaka" na wakati mwingine "hata", ni ileile hata yetu. Sisi na wao tulichota kisima kimoja cha Kiarabu. Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika pia Granada karibu mwaka 1350, kwa hiyo njia kati ya pwani yetu na milima ile si ngeni. Zoezi hili halikutugharimu chochote, na ndilo wenzangu wanalolikumbuka kuliko picha.

Mchangiaji, Maskati

Sisi tulikwenda Julai tukiamini kwamba watu wa Maskati hawatishwi na joto. Sevilla ilipita nyuzi 40, na tukatambua kwamba kwetu tunatoka kwenye gari lenye kiyoyozi kuingia kwenye jengo lenye kiyoyozi, ilhali kule mji ni wa kutembea kwa miguu. Ilitubidi tubadilishe ratiba yote: kutoka asubuhi mapema, kulala mchana kama wenyeji, na kutoka tena jua likishashuka, ambalo mwezi huo huzama karibu saa nne ya usiku. Chakula cha usiku nacho huanza saa tatu na kuendelea, kwa hiyo asiyeweza kungoja abebe chochote mkobani. Oktoba ni chaguo jema.

Kwa wasiokula nguruwe, msiridhike na jina la chakula, kwa maana salmorejo, supu baridi ya nyanya inayosifiwa Córdoba, mara nyingi hunyunyiziwa vipande vya nyama hiyo juu. Semeni "sin jamón", yaani bila nyama hiyo ya nguruwe, kabla haijaletwa. Biringanya za kukaanga zenye asali ya miwa, mchicha wenye dengu wa Sevilla na dagaa wakubwa wanaochomwa vijitini ufukweni Málaga vilitutosha vizuri.

Jambo moja zaidi kwa wenye maumivu ya magoti: mnara wa Giralda wa Sevilla, uliokuwa mnara wa msikiti kabla ya kuwa wa kanisa, unapandwa kwa njia za mteremko badala ya ngazi karibu hadi juu. Rafiki yetu ambaye hakuweza kupanda popote pengine alifika kule kwa miguu yake.

Mchangiaji, Arusha

Naongeza habari ya fedha, ambayo watu huiona ndogo.

Tulianza kwa kugawana kila bili sawasawa. Siku ya tatu, wawili wetu wasiokunywa pombe walikuwa wamelipia mvinyo wa wengine kwa siku tatu bila kusema, na walipokuja kusema walisema kwa uchungu. Tulikaa tukatenganisha. Tuliunda mfuko wa pamoja ambao kila mtu aliutia euro 80, tukamchagua mweka hazina mmoja, na mfuko ule ukalipia usafiri, viingilio na maji tu. Chakula na vinywaji kila mtu alijilipia. Mweka hazina aliandika matumizi kila usiku kwenye kikundi, na hapakuwa na neno tena hadi tunaondoka. Natamani tungekubaliana hivyo kabla ya kupanda ndege.

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ahsanteni sana. Nimeyasoma yote pamoja na wenzangu, na mpango tumeubadilisha. Ronda na Cádiz tumeziacha, ingawa daraja la Ronda juu ya korongo lile ni kitu ambacho ningependa kila mtu akione. Tutatua Málaga na kupanda basi moja kwa moja hadi Granada kwa usiku tatu, kisha treni hadi Córdoba kwa usiku mbili, halafu Sevilla kwa usiku mbili, na kurudi tutaanzia Sevilla ili tusirudi nyuma tulikotoka. Tutahama mara mbili tu.

Fomu za viza tutazijaza Jumamosi hii nyumbani kwangu, na tumeandika kwamba mmoja akinyimwa, safari inaahirishwa kwa wote, lakini kwa mara moja tu, na akinyimwa tena wengine wataendelea kwa idhini yake. Mfuko wa pamoja atautunza mwenzetu ambaye ni mhasibu. Yule rafiki aliyenyamaza siku ile kule San Nicolás nimemwomba aje tena pamoja nasi, naye amekubali. Nimempa yeye kazi ya kuchagua siku na saa ya Alhambra, na atazinunua tiketi zote mara tutakapopata viza, kwa majina yaliyo katika pasipoti.