Wakuu, ati "endesha usiku"! Huyu fundi wetu wa Mwanga, Kigoma, ana laana gani?

Wakuu, naandika nikiwa juani, hata Kidahwe sijaipita. Hailaksi iko boneti wazi, inafuka kama tanuri la chumvi la Uvinza. Nyuma nina madumu 30 ya mawese. Simtaji mtu. Mnamjua. Yule wa gereji ya chini ya mwembe, anayekuita "bosi" kabla hujalipa, ukishalipa unakuwa "we jamaa".

Nilimpa kazi moja: gasketi ya silinda hedi, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku. Injini ni 2L ya Toyota, dizeli ya zamani, najua, mtasema Livingstone aliipanda akija Ujiji. Kazi ya siku tatu ikala kumi na moja. Leo imechemsha. Nampigia, ananijibu nini?

"Endesha usiku bosi. Usiku hakuna jua."

JUA! Rejeta inatoa mapovu kama sufuria ya maharage, oili imekuwa chai ya maziwa, jua limehusika wapi hapo? Hedi hakuipeleka kupigwa fesi, yaani kusawazishwa uso kwa mashine. Aliipapasa kwa kiganja, kafumba macho kama mganga, akasema imenyooka. Boliti akaanza kukaza za pembeni, tena kwa spana iliyochomekwa bomba la maji, eti ndiyo toki, kile kipimo cha nguvu ya kukazia. Mimi mbeba mawese najua zinaanza za katikati kwenda nje, kwa awamu!

Halafu endesha usiku. Niajiri popo awe utingo?

mgebuka_mkavu: Uzi bila picha ni stori za kijiweni.

Mleta uzi: Simu ina chaji asilimia 9, niimalizie kupiga picha moshi?

spana_kumi_na_tatu: Kosa lako mkuu. Dizeli nyingi za Toyota, gasketi zake zina unene tofauti, angalia vikato vya pembeni. Unapima kwanza pistoni zinavyochungulia juu ya bloku ndipo unachagua. Ulinunua ipi?

Mleta uzi: Aliyoniuzia yeye.

spana_kumi_na_tatu: Basi endesha usiku.

mgebuka_mkavu: Hahahaaa nimemwaga chai

binti_gungu: Afadhali wewe kaka. Fundi cherehani kanishonea gauni la harusi ya mdogo wangu, mikono yote miwili ya kushoto. Kulalamika, ananiambia "dada, ukumbini usipunge tu."

Mleta uzi: Pole dada, ila gauni halichemshi. Mtu mzima na akili zake, ENDESHA USIKU!

binti_gungu: Halichemshi? Nilichemka mimi!

mwisho_wa_reli: Mkuu hayo mawese dumu bei gani? Nipo Uvinza.

Mleta uzi: Njoo na kamba ya kuvutia gari, tutaongea bei.

mgebuka_mkavu: Usinunue, mawese ya siku hizi yanatiwa maji.

mzee_wa_mise: Nani anatia maji? Mimi nakamua mwenyewe, njoo nyumbani uone, acha kuharibia watu biashara.

mgebuka_mkavu: Mzee wangu shikamoo, sijakutaja. Ila mwezi jana nilikaangia dagaa, mafuta yakanirukia mpaka dirishani.

mzee_wa_mise: Marahaba. Hukuanika dagaa wako wakakauka, unasingizia mawese.

binti_gungu: Hapo mzee kasema. Dagaa wa Kibirizi siku hizi wabichi kabisa.

Mleta uzi: Jamani, bado niko barabarani.

spana_kumi_na_tatu: Vumilia, Kigoma jua linazama karibu saa moja.

mwisho_wa_reli: Mzee wa Mise, kwako dumu bei gani?