Tupeane uzoefu: jibini juu ya pweza na kamba, nyie mnaionaje?

Mpwa wa Mikindani
Wakuu, heshima kwenu. Kuna mgahawa mpya pande za Shangani hapa Mtwara, niliingia na wageni wangu wa kutoka bara. Kwenye menyu nakuta "pweza wa nazi kwa jibini". Nazi sawa, pweza sawa, jibini imepitia wapi? Mgeni mmoja akaagiza. Ukaja mchuzi mweupe mzito, juu una ngozi ya manjano, ukiinua uma inakufuata mpaka kidevuni haikatiki. Pweza mwenyewe inabidi umtafute chini kwa kijiko. Mgeni kala, kamaliza, kalamba uma. Mimi nilikula wali mtupu. Sasa nani amekutana na hili jambo, nyumbani au kazini? Lindi na Kilwa karibuni pia, msijifanye hamuoni.

Kaka Nahodha
Mama wa watu kaenda mwambani maji ya bamvua, kainama na chokoo lake mpaka kiuno kinauma, kampata pweza, halafu wewe unampaka jibini. Sina la kuongeza.

Bint Kivinje
Naunga mkono hoja.

Mzee wa Ming'oko
Samaki na maziwa havilali tumbo moja. Bibi yangu alikuwa anasema ukivichanganya unatoka mbalanga. Jibini ni maziwa. Mjadala umeisha, mlale.

Dokta Tumbo
Shikamoo mzee. Mbalanga haiji kwa chakula. Ni kinga ya mwili wako mwenyewe inashambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Wako walioipata na hawajawahi kuonja samaki.

Mzee wa Ming'oko
Marahaba. Bibi yangu alikufa na meno yote. Wewe umebakiwa na mangapi?

Dokta Tumbo
Hayo ya meno tuyaache mzee wangu.

Mhudumu Mstaafu
Uzi huu umenitonesha kidonda. Mnaokumbuka enzi za gesi, mji ulivyofurika wageni kabla bomba la kwenda Dar halijakamilika 2015, mimi nilikuwa mhudumu hoteli moja hapa Mtwara, jina niachieni. Mpishi mkuu alikuwa Mtaliano. Mtu mpole, ila umguse kwenye chakula ndiyo utamjua.

Usiku mmoja wamekaa wahandisi meza ya nje, mmoja kaagiza tambi za kamba na ngisi. Nikapeleka. Akaniambia niongeze jibini ya kukwaruza juu. Mimi nikaenda jikoni, nikachukua kikwaruzio na kipande cha jibini, naanza kutoka, Mtaliano akauliza, "Hiyo ya meza ipi?" Nikamwambia. Akaninyang'anya vyote viwili. Nikarudi mezani mikono mitupu, mgeni akasema yeye ndiye analipa, siyo mpishi. Nikarudi jikoni. Mpishi akasema kwa heshima ya kamba waliotoka Msimbati asubuhi ile, hapana. Nikarudi tena mezani. Wenzangu wanacheka wameegemea friji.

Mwisho Mtaliano akavua kofia, akatoka mwenyewe. Akamwambia mgeni ukitaka jibini nitakupa jibini na mkate, bure. Mgeni akasimama, kiti kikaanguka. Mtaliano akachukua ile sahani, bado inatoa mvuke, kamba wakubwa wamejipinda vizuri, akaimwaga kwenye pipa mbele ya watu wote. Meneja akaja mbio. Uamuzi wake: mgeni apikiwe upya, apewe jibini yake, na sahani iliyomwagwa nikatwe MIMI. Siyo mpishi. Mimi! Mwisho wa mwezi nikaikuta kweli kwenye hesabu.

Baadaye tukiwa nyuma tunavuta upepo ndiyo Mtaliano akanieleza. Kwao samaki ni mambo ya watu wa pwani, jibini inashuka milimani kwa wafugaji, kwa hiyo vitu hivi vilikua mbalimbali. Na jibini kali yenye chumvi inafunika ule utamu wa samaki aliyevuliwa leo. Hapo nilimwelewa, maana hata sisi huku Kusini maziwa yametoka wapi? Lindi yenyewe makundi makubwa ya ng'ombe yameingia wafugaji walipoondolewa bonde la Ihefu, Mbeya, 2006 na 2007. Kabla ya hapo nani alikuwa na maziwa ya kuchezea? Sisi mboga yetu ni nazi.

Chuno Mpya
Pole sana mkuu. Kukatwa kwa kosa la mpishi ni uonevu.

Shemeji wa Lushoto
Mimi nimeoa Mtwara ila kwetu Usambaa, jibini ya Irente nimeijua toka utotoni, kwa hiyo nisikilizeni mashemeji. Huyo Mtaliano hakukwambia yote. Kwao huko huko, Bari, wanapanga kome na viazi na mchele kwenye sufuria moja, wanakwaruzia jibini ya kondoo, wanaoka. Na ni chakula cha bibi zao, siyo cha hoteli. Wagiriki wanapika kamba kwenye nyanya halafu wanamegea feta, jibini yao, juu. Wafaransa wana kambakochi Thermidor, ilianza Paris: nyama inatolewa gambani, inachanganywa na sosi, inarudishwa, inafunikwa jibini, inachomwa mpaka inakuwa rangi ya dhahabu. Hata ule mkate wa samaki wa McDonald's, ulioanza 1962, una kipande cha jibini. Aliuanzisha mwenye duka lao la Cincinnati, Marekani, kwa sababu Wakatoliki wa mtaa ule Ijumaa walikuwa hawanunui nyama. Sasa dunia nzima imekosea, Mtwara peke yake ndiyo imepatia?

Kaka Nahodha
Ndiyo.

Mnazi Bay
🤣🤣🤣

Kaka Nahodha
Kambakochi anatoka majini mtamu mwenyewe, unamchoma na ndimu na chumvi unamaliza. Mfaransa anamfunika jibini kwa sababu kamba wake amesafiri siku tatu. Jibini ni shuka la kufunikia maiti.

Chuno Mpya
Hapo Nahodha umeongea. Sisi watu wa bahari tunajua samaki anavyotaka.

Kaka Nahodha
Wewe Chuno si ulisema kule kwenye uzi wa korosho kwenu Masasi? Bahari umeijua lini?

Chuno Mpya
Nimezaliwa Ligula, hapa Mtwara mjini. Masasi ni kwa baba.

Kaka Nahodha
Kwa baba ndiyo kwenu. Endelea na mbaazi.

Mnazi Bay
Jamani Masasi wana samaki, tena wakavu. Wanawahesabu kwanza kabla ya kuwapika.

Chuno Mpya
Mbona kila siku mnakuja Masasi kutafuta pesa ya korosho? Samaki wenu kaleni wenyewe.

Bint Kivinje
Acheni ugomvi, nina kisa. Nilikuwa nimenyamaza ila Mzee wa Ming'oko kanikumbusha.

Kaka yangu alileta mchumba kutoka Arusha, kasomea mapishi. Siku ya kutambulishwa kwa ukoo, Kivinje, mama kapanga samaki wa nazi kama kawaida. Mchumba akasema hapana mama, leo pumzika. Akaja na jibini yake kwenye boksi la barafu, kasafiri nalo. Jodari kanunuliwa alfajiri, mkubwa, kakatwa vipande. Umeme hakuna. Jodari akawekwa kwenye ndoo barazani, juu kanga. Mnajua wageni wetu: walioalikwa saa saba walifika saa kumi. Wifi ndiyo akaanza kupika. Kapanga samaki, viazi, vitunguu, jibini juu, kapalia mkaa juu na chini. Harufu ilikuwa nzuri, siwafichi.

Mjomba tonge la kwanza akasema, "Mmetia pilipili manga nyingi." Wifi akasema hajatia kabisa. Mwingine naye, ulimi unamchonyota. Wakaendelea kula. Haikupita nusu saa shangazi anajikuna shingo, anavuta shanga zake mpaka uzi ukakatika, shanga zikamwagika mkekani. Mjomba uso umemvimba, macho mekundu, anasema moyo unakwenda mbio. Mwingine anatapika uani. Ndipo shangazi akasimama katikati ya uwanja akapiga ukunga: "Ametuwekea limbwata!"

Mama akamjibu shangazi, "Wifi yangu, limbwata huwekewa mume, siyo ukoo mzima." Watu wakagawanyika pale pale. Wengine sumu, wengine samaki na maziwa. Mchumba analia chumbani, kaka kasimama mlangoni na mwiko mkononi hakuna anayepita. Bajaji zikabeba wagonjwa kwenda hospitali, wakachomwa sindano, usiku wa saa tatu wote wazima wanaomba chai. Lakini shangazi alishafunga kipande cha samaki kwenye mfuko kwa ushahidi, kikakaa kwenye friji mpaka friji nzima ikanuka.

Mnazi Bay
LIMBWATA LA UKOO MZIMA 🤣🤣 nimeanguka kitini

Mhudumu Mstaafu
Ndoa ilifungwa?

Chuno Mpya
Ndoa ilifungwa? Usikimbie.

Mzee wa Ming'oko
Nilisema mimi. Samaki na maziwa. Mkanicheka na meno yangu.

Dokta Tumbo
Bint, maswali mawili. Kuna aliyekula jibini bila samaki? Na kuna aliyekula samaki bila jibini?

Bint Kivinje
Watoto walipewa viazi na jibini, ile sehemu isiyo na samaki. Hakuna aliyejikuna. Babu hataki vitu vinavyovutika, alikaangiwa kipande chake cha jodari pembeni. Naye alivimba.

Dokta Tumbo
Basi kesi imekwisha, mwachieni wifi. Jodari, vibua na jamaa zao nyama yao ina kitu kinachoitwa histidini. Akikaa kwenye joto, bakteria wanaigeuza kuwa histamini, na hiyo ndiyo inayofanya uso kuwaka, vipele, kichwa kugonga, moyo kwenda mbio. Ule ukali wa pilipili manga ulimini ndiyo dalili yake. Ukipika haiondoki, hata umwoke mpaka awe mkaa. Na anaweza asinuke wala asionekane ameharibika. Dawa ni barafu tangu anapotoka majini. Tonge likiwasha ulimi, tema, usione haya mbele ya wakwe. Ukishavimba nenda hospitali, hasa ukihisi kubanwa pumzi.

Kuwa mkweli, jibini iliyokaa muda mrefu nayo huwa na histamini yake. Ila mtuhumiwa namba moja hapa ni ile ndoo barazani.

Mzee wa Ming'oko
Kwa hiyo jibini nayo inayo. Asante kwa ushahidi.

Dokta Tumbo
Mzee…

Mama wa Feri
Mimi nauza samaki na ninapika, niwaambie. Kamba na jibini vinapatana ukijua mwendo. Kamba unampitisha kwenye nyanya na kitunguu saumu, akishageuka rangi epua, ukimwacha anakuwa mpira. Jibini unaweka moto umeshazimwa, laini, kidogo, na chumvi usitie maana jibini inayo. Changu na tasi usiwaguse, hao wana ladha nyembamba. Pweza ndiyo kabisa, pweza ni nazi na ukwaju.

Mnazi Bay
Mama, ndimu je?

Mama wa Feri
Weka ndimu mwishoni.

Shemeji wa Lushoto
Kama sosi ina maziwa usiweke ndimu, itakatika. Kamulia sahani, siyo sufuria.

Kaka Nahodha
Weka ndimu, ondoa jibini. Tatizo limekwisha.

Chuno Mpya
Mimi jibini inanijaza gesi tumboni, niwe na samaki nisiwe naye.

Dokta Tumbo
Hiyo ni laktosi, sukari ya maziwa, watu wazima wengi hatuimudu. Jaribu jibini ngumu iliyokaa, laktosi yake ni kidogo sana.

Mnazi Bay
Mtwara tuna gesi ya kutosha Chuno, yako ibaki Masasi.

Shemeji wa Lushoto
Anayetaka jibini aseme, naagiza wiki ijayo. Boksi na barafu juu yangu, nauli ya basi juu yako.

Mama wa Feri
Niletee kilo moja. Nahodha asijue.

Kaka Nahodha
Nimeona.

Mhudumu Mstaafu
Bint Kivinje hujajibu. Ndoa.

Bint Kivinje
Ilifungwa. Shangazi alisusa nikaha, akaja kwenye biriani. Wana watoto sasa. Wifi akija Kivinje anapika kuku tu, na shangazi anakaa jikoni tangu anachinjwa.

Mzee wa Ming'oko
Na mahari ilikuwa kiasi gani?

Bint Kivinje
Mzee wangu, hiyo fungua uzi wako.