Eti kunyonga ni nafuu kuliko kufunga maisha? Tupige hesabu upya

Ndugu zangu, mjadala wa adhabu ya kifo ukiwaka tu, hoja hii haikosekani: "Kwa nini tumlishe muuaji miaka 40 kwa kodi zetu? Kitanzi kimoja, mambo yameisha." Wanaoisema si watu wabaya. Wengi wanaisema kwa uchungu, na uchungu huo nauheshimu. Lakini hesabu yenyewe imekosewa, na nawaomba mnaoishikilia mnivumilie mpaka mwisho ndipo mnijibu.

Upande mmoja wa hesabu tunaweka chakula, blanketi na mshahara wa askari magereza. Upande wa pili tunaweka kitanzi. Kesi hatuiweki popote, na kesi ndiyo inayokula fedha.

Tuangalie Marekani, maana huko hesabu hii imepigwa sana. Mahakama ya Juu iliisimamisha adhabu ya kifo mwaka 1972, ikairuhusu tena 1976 kwa masharti. Tangu hapo kesi ya kifo ni kesi mbili ndani ya moja: kwanza inaamuliwa kama mtu aliua, kisha inaamuliwa kama naye auawe. Kwa hiyo ya pili, utetezi unapaswa kufukua maisha yote ya mshtakiwa. Mtu anatumwa kumtafuta mwalimu wake wa shule ya msingi, mafaili ya hospitali, shangazi aliyeshuhudia akipigwa utotoni. Upande wa mashtaka nao unaleta wataalamu wake wa kujibu. Raia watakaokaa kwenye jopo la kuamua kesi wanahojiwa kwa kina kujua kama dhamiri zao zinaweza kuhukumu kifo. Halafu zinaanza rufaa. Na kwa kuwa wengi wa washtakiwa hawa hawana uwezo wa kuweka wakili, serikali inalipia pande zote mbili.

Wakaguzi wa jimbo la Kansas walipoangalia mwaka 2003, walikadiria kwamba kesi ya kifo inagharimu asilimia 70 zaidi ya kesi ya mauaji isiyo ya kifo. California ndiyo inayotisha. Utafiti wa mwaka 2011 wa jaji Arthur Alarcón na Paula Mitchell ulikadiria kwamba tangu 1978 jimbo hilo lilikuwa limetumia dola bilioni 4 kwa adhabu ya kifo. Waliouawa katika muda wote huo ni 13. Gawanya mwenyewe: ni zaidi ya dola milioni 300 kwa kila mmoja. Gavana Gavin Newsom aliposimamisha utekelezaji mwaka 2019, watu 737 walikuwa bado wanasubiri.

Jambo moja nawakubalia wapinzani wangu bila kusita. Mfungwa wa maisha huzeeka. Akifika miaka 70 anahitaji dawa na daktari, pengine hata mtu wa kumwogesha, na hayo yana gharama. Ila huyo wa California aliyehukumiwa kifo naye anazeekea humo humo. Waliokufa kwa maradhi na uzee ni wengi kuliko waliouawa na serikali. Mlipa kodi amelipia kesi ya kifo, kisha akalipia na kifungo cha maisha.

Najua jibu linalofuata: "Basi punguzeni rufaa, punguzeni hao wataalamu." Hapa ndipo ninapoomba tutulie, kwa sababu kubana matumizi kulishajaribiwa.

Mwaka 1985, huko Alabama, alikamatwa Anthony Ray Hinton, akiwa na miaka 29, kwa mauaji ya watu wawili. Ushahidi mkubwa ulikuwa risasi zilizodaiwa kutoka kwenye bastola ya mama yake. Utetezi ulihitaji mtaalamu wa silaha. Wakili aliamini sheria inamruhusu dola 1,000 tu, kumbe sheria ilikwisha kubadilishwa na angeweza kuomba zaidi. Hakuomba. Kwa fedha hizo alimpata mtu mwenye jicho moja, ambaye hata kuitumia hadubini kulimshinda. Mwendesha mashtaka akamuumbua mtaalamu huyo mbele ya jopo, na Hinton akahukumiwa kifo. Baadaye wataalamu wengine walipozipima risasi zile walisema haziwezi kuhusishwa na bastola ile. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba utetezi ulimwangusha, na Aprili 2015 akatoka, baada ya karibu miaka 30. Mama yake alikuwa ameshafariki. Zile rufaa tunazoziita upotevu wa fedha ndizo zilizomtoa.

Wengine wana hoja nzito zaidi: tishio la kifo humfanya mshtakiwa akiri mapema, kesi ikafupishwa, fedha zikaokolewa. Ni kweli hilo hutokea. Tatizo ni kwamba asiye na hatia naye huogopa kufa. Katika kaunti ya Gage, Nebraska, watu sita walitiwa hatiani mwaka 1989 kwa mauaji ambayo hawakuyafanya. Watano walikuwa wamekubali makosa huku tishio la kifo likiwa juu yao. Vipimo vya vinasaba viliwasafisha mwaka 2008. Mwaka 2016 kaunti iliamriwa kuwalipa zaidi ya dola milioni 28, na kodi ya ardhi na majengo ikapandishwa ili deni lilipwe. Akiba ya kesi fupi iligeuka deni lililotoka mfukoni mwa wenye nyumba na mashamba ambao hawakumgusa mtu yeyote.

Mwaka 2012 wapiga kura wa California waliulizwa kama waifute adhabu ya kifo. Pendekezo lilitaka pia dola milioni 100 zipelekwe kwa wapelelezi, kwa ajili ya kesi za mauaji na ubakaji ambazo wahusika wake hawajapatikana. Asilimia 52 walikataa. Hilo linaniuma kuliko yote, maana kuna mama ambaye muuaji wa mwanawe hajulikani hadi leo, na fedha za kumtafuta zipo, zimefungiwa kwenye kesi ya mtu ambaye tayari yuko nyuma ya nondo.

Sasa nawasikiliza. Mnaotaka kunyonga kwa bei nafuu, nitajieni hatua moja tu: ni ipi mngeikata katika kesi ya Hinton?