MREJESHO: Mwaka aliozaliwa bibi

Wakuu, niliuliza tutapataje mwaka aliozaliwa marehemu bibi yetu wa Tanga maana cheti hakuna na wasifu unasomwa kwenye arobaini. Mlioniambia niulize wazee kwa matukio mmetisha sana. Shangazi kasema Uhuru wa 1961 bibi alikuwa keshamzaa baba, na mashamba ya mkonge yalipotaifishwa 1967 yeye alikuwa anawauzia wakataji vitumbua alfajiri, kanga moja kiunoni nyingine kichwani, pesa kazifunga kwenye pindo na ole wako uliguse lile fundo. Basi tumeandika miaka 80 na ushee, hata shehe karidhika. Hitma ilijaa, pilau likaisha mapema (wajukuu ndo tuliokosa 😂). Asanteni jamani, mzidi kumuombea.