Mthamini kaniandikia Datsun 240Z "imekamilika asilimia 80". Asilimia 80 ya nini, mzee?

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nimeuzuia muda mrefu nikisubiri mhusika apokee simu tuyamalize kiutu uzima. Hapokei. Sasa tuongelee hapa hapa, hadharani.

Kulikuwa na Datsun 240Z ya 1972, lile gari la michezo la Nissan, inauzwa Tanga. Mzee mwenye gari alianza kulifufua, akatangulia mbele ya haki kazi ikiwa katikati, familia ikaamua kuuza. Gari liko juu ya mawe, limepigwa praima ya kijivu, injini imo, ndani hakuna siti hata moja, na vitu vingine vyote viko kwenye maboksi na madebe. Familia sina neno nayo, walisema wazi kwamba hawajui magari na kwamba dalali ndiye anayeongea. Dalali naye ni dalali, kazi yake inajulikana.

Hasira zangu ni kwa mtu wa tatu. Kuna bwana mmoja anajiita mthamini wa magari ya kale. Ana muhuri, ana kadi ya kazi yenye picha ya Jaguar, anaongea taratibu kama hakimu. Nikamlipa laki sita taslimu, nauli na malazi juu yangu, aende akanisomee gari kabla sijatoa hela. Akaleta ripoti yenye jalada la plastiki: gari limekamilika asilimia 80, injini ni ya kiwandani, bodi ina "kutu kidogo ya juu juu", vifaa vilivyofunguliwa vipo kamili, thamani milioni 58. Nikanunua kwa 52, nikapakia kwenye lori hadi Dar.

Najua kuna watu tayari wanaandika "mkuu ungeenda mwenyewe". Nilienda. Nililiona, nikalipenda, na ndiyo maana nikatafuta mtu asiyelipenda aje aliangalie kwa macho makavu. Ukienda hospitali unamlipa daktari akupime, hujipimi mwenyewe halafu ukampa yeye hela ya kupiga muhuri.

Tuanze na injini. 240Z ilitoka kiwandani na L24, silinda sita za mstari, cc 2393, kabureta mbili. Namba yake imegongwa kwenye bloku, upande wa plagi, kule nyuma karibu na plagi ya sita. Ukifungua boneti kuna kibati chenye namba ya injini iliyozaliwa na gari, pamoja na namba ya chesisi ambayo kwa gari la usukani wa kulia inaanza na HS30. Kujua kama injini ni yake au ni ya kuazima ni kazi ya tambara na petroli kidogo: soma kibati, futa grisi, soma bloku, linganisha. Fundi wangu alifuta. Akainama, akafuta tena, akawasha tochi ya simu. Halafu akaniita kwa sauti ya chini, "Bosi, hebu njoo usome mwenyewe."

L28.

Kwa wasiofahamu, L28 ni ndugu wa L24 kutoka ukoo uleule wa Nissan, ila ni cc 2753. Ilifungwa kwenye 280Z, na ilifungwa pia kwenye Nissan Patrol za petroli za miaka ya 80 ambazo bara na pwani zimejaa. Inaingia kwenye 240Z bila taabu kubwa, na kuna watu Marekani na Australia wanaiweka makusudi kwa sababu ina nguvu zaidi. Mimi sina ugomvi na L28, ni injini nzuri na kwa barabara ningeifurahia. Ila bei ya gari la mkusanyaji inasimama juu ya neno "halisi", na hilo neno ndilo nililolilipia.

Sasa sikilizeni kilichonipandisha presha. Ukurasa wa nne wa ripoti kuna kisanduku kimeandikwa "namba ya injini kama ilivyosomwa kwenye bloku". Ndani yake kaandika namba ya L24. Pembeni kaweka picha. Picha ya nini? Ya kibati! Bloku yenyewe imefunikwa na grisi kavu ambayo ilikuwa haijaguswa tangu mzee yule yuko hai. Yaani bwana huyu alisoma kibati, akanakili kibati, akathibitisha kwamba kibati kinalingana na kibati, akagonga muhuri.

Na madhara hayaishii kwenye bei. Kadi ya gari ina namba ya injini ile ya zamani. Nikipeleka gari kukaguliwa, namba kwenye kadi na namba kwenye bloku hazisalimiani, na mwenye kujieleza polisi na TRA ni mimi, si mwenye Jaguar kwenye kadi.

Tuje kwenye bodi. Fundi bodi wangu ni mzee wa Kigamboni asiyependa maneno. Alichukua sumaku, akaifunga kitambaa, akaanza kuipitisha kwenye sili, yaani ule ukingo wa bodi chini ya mlango, upande wa kushoto. Sumaku ikashika mbele, ikaenda kidogo, ikaanguka. Akairudisha, ikaanguka. Kutoka katikati ya mlango hadi tao la tairi la nyuma hakuna chuma cha kushika sumaku. Akawasha grenda. Ikatoka praima, ikatoka puti nene kama kidole, ikatoka faibaglasi, na chini ya faibaglasi kulikuwa na magazeti yaliyokunjwakunjwa na kulowekwa lami. Kipande kimoja bado kilikuwa kinasomeka, matokeo ya ligi. Mzee akakiangalia, akasema, "Hii ndiyo bodi yako," akaenda kuswali.

Mtu yeyote anayejiita mthamini wa magari haya anatakiwa kujua kwamba 240Z na kutu ni chanda na pete. Kisahani cha betri: asidi inadondoka, inakula kisahani, inashuka hadi kwenye reli ya chini, ile boriti ya chuma inayobeba bodi. Chini ya kioo cha mbele kuna mfereji wa kutolea maji, ukiziba majani, maji yanaingia sakafuni na kukaa. Sili, sakafu, reli za chini ya sakafu, kisima cha tairi la spea, ukingo wa mlango wa nyuma. Kila mwenye gari hili duniani anaanza kuangalia hapo. Na hili lilikaa Tanga, karibu na bahari, miaka! Kapeti ilikuwa haijanyanyuliwa. Najua kwa sababu gundi ya zamani ilikuwa bado imeshika, tuliibandua sisi.

Halafu 240Z si Land Rover, kwamba bodi ikioza unainyanyua unaiweka nyingine juu ya chesisi. Haina chesisi ya kutenganisha. Nguvu yote iko kwenye zile sili na zile reli. Tulipolinyanyua kwa jeki katikati, mlango wa kushoto ukagoma kufunguka. Bodi ilikuwa imejikunja kwa uzito wake yenyewe. "Kutu kidogo ya juu juu", kaandika.

Maboksi sitaki kuyasema sana maana nitaharibu siku. "Vifaa vipo kamili." Zile nyumba za taa za mbele zipo mbili, zote za upande wa kulia. Kabureta zipo mbili, moja ni Hitachi ya 240Z inayovuta hewa kwa ubavuni, ya pili ni ya kusimama wima, nadhani ya Datsun 1200. Hata mtoto wa gereji akiziweka mezani ataona hazifanani. Bampa la nyuma halipo. Kuna debe zima la bolti na nati zisizo na lebo hata moja, na yeye debe hilo kaliandika "seti kamili ya viunganishi". Viunganishi!

Sasa hiyo asilimia 80. Nilimuuliza kaipataje. Akasema alihesabu vipengele vya gari kwenye orodha yake, vilivyopo kaviwekea tiki, akagawanya. Kwa hesabu hiyo gari lililogongana na treni nalo limekamilika asilimia 80, maana vipengele vyake vipo, vimetawanyika tu relini.

Gari lililofunguliwa halithaminiwi hivyo. Unaanza na bei ya gari kama hilo likiwa limekwisha, kwa hali utakayoweza kulifikisha kweli, si ya ndotoni. Unatoa gharama ya kulimaliza: chuma, kuchomelea, rangi, krome, waya, spea zinazotoka Japani au Marekani pamoja na ushuru wake. Halafu unatoa tena kitu kwa ajili ya yale usiyoyaona, kwa sababu mtu hafungui gari akaishia njiani bila sababu. Mara nyingi alifika mahali akaona kilichomo akakata tamaa, au hela iliisha. Mara nyingine hesabu inatoka sifuri au chini ya sifuri, na mthamini mkweli anakuandikia sifuri.

Nissan wenyewe walijaribu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuwa na mpango Marekani wa kununua 240Z chakavu, kuzifufua na kuziuza kupitia wauzaji wao kwa dola 24,950 kila moja. Hawakufika hata magari mia, mpango ukafa, kwa sababu kulifufua moja kulikula hela kuliko bei. Hao ni waliotengeneza gari, wenye mitambo na spea. Mimi na mzee wa Kigamboni tuna grenda na mtungi wa gesi.

Na hiyo milioni 58 kaitoa wapi? Kwenye viambatisho kaweka mnada wa mtandaoni wa Marekani wa Januari 2020, 240Z ya 1971 iliyouzwa dola 310,000. Kweli, iliuzwa. Lakini ile ilikuwa imetembea maili 21,000 na ushei maisha yake yote, iko kama ilivyotoka kiwandani. Watu walilipa kwa sababu hakuna aliyewahi kuifungua. Yeye anaichukua hiyo, "anapunguza kwa kuzingatia mazingira ya Afrika Mashariki" (maneno yake), anafika 58. Gari ambalo halijawahi kuguswa analipima na gari ambalo limebaki maboksi.

Ngoja, kuna na hili la Safari, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki. Dalali alidai gari "lilikimbia Safari ya 1973". Mthamini akaongeza asilimia 20 kwa "historia ya mashindano", na ushahidi wake ni matundu manne mbele yaliyotobolewa kwa ajili ya taa. Jamani. 240Z ilishinda East African Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikashinda tena 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, yule aliyezaliwa Uganda, na Lofty Drews. Mwaka ule wa 73 pointi za Mehta zililingana na za Harry Källström, naye akiwa kwenye Datsun, ikabidi mshindi atafutwe kwa kanuni. Hayo yako kwenye kumbukumbu. Gari la ushindi wa 1971, namba 11 mlangoni, Nissan wanalo Japani. Kama gari langu lilishiriki, kuna orodha ya washiriki, kuna namba za usajili, kuna picha. Hakutafuta hata kimoja. Miaka ile Datsun zilipokuwa zinashinda, nusu ya vijana wenye Datsun walitoboa matundu ya taa!

Nilimpata mara moja kwenye simu kabla hajaanza kunikwepa. Nikamweleza kwa heshima, nikamwita mzee. Akanijibu, "Kijana wangu, thamani ni maoni tu. Wataalamu hutofautiana."

Nikamuuliza, "Mzee, na namba ya injini nayo ni maoni?"

Akasema mtandao unasumbua.

Jina lake silitaji hapa, mods wasije wakafuta uzi, na jambo lenyewe naelekea nalo kwa mwanasheria. Ninachotaka ni laki sita yangu na barua yenye muhuri uleule ikisema bloku haikusomwa. Barua naihitaji kuliko hela, kwa sababu bila hiyo naonekana mimi ndiye niliyebadilisha injini.

Gari siuzi. Mzee wa Kigamboni kashatengeneza fremu ya kulishikilia lisijikunje zaidi, na anakata sili ya kushoto wiki hii, reli zitafuata. L28 itabaki humo kwa sasa, nitaifuata kisheria iandikwe kwenye kadi kama ilivyo.

Mwenye nyumba ya taa ya kushoto ya 240Z, au kabureta ya Hitachi ya ubavuni hata kama imekufa, aje PM na picha. Na kama kuna mtu Tanga, Muheza au Korogwe anajua L24 ya yule mzee ilienda wapi ilipotolewa, kwamba labda iko kwenye pampu ya maji au mashine ya kusaga mahali, namwomba sana. Namba ninayo, nimeisoma kwenye kibati. Madalali msije.