Tupeane uzoefu: kulea mbwa toka kitoto mpaka aeleweke, hatua gani ilikutoa jasho?

Zabibu Kavu: Wakuu, usiku wa tatu huu silali. Nimeletewa kitoto cha mbwa toka Mvumi, aliyenipa anasema kina wiki sita, nikikiweka bandani kinalia mpaka alfajiri na upepo huu wa mwezi wa saba mnaujua. Jana jirani karusha jiwe juu ya bati. Yule wa kwanza niliyemlea Nkuhungu 2019 hakulia hata siku moja, ila alivyokua akawa mwizi wa kuku. Nyie mlipita vipi?

MamaTunu: Wiki sita katolewa mapema huyo, subiri nane. Kwa mama yake na wenzake ndo anajifunza kwamba ukiuma sana mwenzio anapiga kelele na mchezo unaisha. Asiyepitia hapo atakutoboa mikono mpaka ukome. Weka chupa ya maji ya moto, ifunge na kitenge kikuukuu, boksi liwe ndani karibu na kitanda chako.

Vumbi la Ihumwa: Mbwa ndani? Tangu lini? Mwache alie atazoea, ukimfuata tu ameshakuweza.

Fundi wa Kisasa: Naunga mkono hoja

MamaTunu: Haya muacheni alie na baridi hii, asubuhi mkazike.

Kisiki: Hilo neno kuzika limenigusa pabaya. 2021 nilinunua jike moja zuri, muuzaji akaapa kachanjwa, cheti hakuna, na mimi kwa uchu wangu nikakubali. Ana wiki kumi hivi, Jumamosi kaacha uji wa dagaa nikasema kashiba. Jioni katapika povu la njano, mimi huyo nampa maziwa. Usiku kaanza kuhara damu, na ile harufu kama umewahi kuinusa huisahau, ni kama chuma kimeoza. Daktari wa mifugo nikampata saa moja asubuhi kamtundika dripu, pa kuning'iniza chupa hamna kwahiyo nikaishika mimi, nikichoka wife ananipokea, siku mbili hivyo. Jumatatu alasiri kanyanyua kichwa, kanywa maji ya kijiko, katikisa mkia, watoto wakashangilia nyumba nzima. Saa nne usiku kafa.
Sasa ngoja. Wiki tatu baadaye shemeji kaniletea mwingine wa kunipoza. Banda lile lile, bakuli lile lile. Siku ya sita kaanza kutapika. Daktari ananiuliza lile banda ulilifanyaje, nikamwambia nilifagia.

Fundi wa Kisasa: Dah. Pole sana

Dokta wa Ng'ombe: Pole kaka. Hiyo ni parvo, na kirusi chake kinakaa kwenye udongo miezi, hata mwaka na zaidi. Kama sakafu ni ya simenti, osha kwanza uchafu wote kwa sabuni, halafu jiki kikombe kimoja kwa maji vikombe 30, iache ilowe dakika kumi. Kwenye udongo wa kwetu huu jiki inaishia njiani. Zabibu, wewe anza chanjo sasa hivi, rudia kila wiki tatu au nne mpaka apite wiki 16, usije ukachoma moja ukajisifu, kinga ya maziwa ya mama bado inaipiga chanjo chenga. Akifika miezi mitatu chanjo ya kichaa cha mbwa. Dawa ya minyoo kila wiki mbili mpaka wiki ya 12.

Vumbi la Ihumwa: Minyoo kitunguu swaumu tu, msimtie mtu gharama.

Dokta wa Ng'ombe: Kitunguu cha aina yoyote ni sumu kwa mbwa, kinaharibu damu.

Vumbi la Ihumwa: Mbwa wa babu yangu Bahi kala makombo yenye vitunguu maisha yake yote na alikuwa anakimbiza fisi.

Dokta wa Ng'ombe: Waliokufa babu hakukuhadithia.

Mwalimu Hombolo: Nyie wiki sita, mimi miezi mitano ndo iliyonimaliza. Meno ya utoto 28 yanadondoka, yanaota 42, fizi zinawasha, hachagui cha kutafuna. Kaanza na malapa, kaja mguu wa meza, kaja waya wa king'amuzi, nikavumilia. Siku hiyo nimetoa barua ya toleo ya kiwanja changu cha Iyumbu nimeiweka kwenye kochi nikatoe kopi, mara nasikia maji yametoka, na maji yakitoka mnajua ni mbio na ndoo. Narudi nakuta kipande chenye muhuri tu.

Fundi wa Kisasa: Muhuri tu 😂😂😂

Kisiki: Iyumbu ya upande wa UDOM? Mita ngapi?

Vumbi la Ihumwa: Polisi uliandikisha imepotea au imeliwa?

Mwalimu Hombolo: Imeharibika. Afande alicheka mpaka akaenda kumuita mwenzake aje anisikilize upya.

Dalali Nala: Ninacho Nala mita za mraba 800, karatasi zote safi, mbwa hajagusa. Inbox.

Zabibu Kavu: Jamani uzi wangu. Mwalimu, mbwa ulimfanyaje?

Mwalimu Hombolo: Nilimpiga, tena sana. Ana miaka mitatu sasa, akiniona na karatasi yoyote anakimbilia uvunguni na mkojo unamtoka. Mitihani ya wanafunzi nasahihishia shuleni, nyumbani nashindwa kumwangalia.

Vumbi la Ihumwa: Si kaacha kutafuna? Dawa imefanya kazi.

MamaTunu: Kaacha kwa sababu meno yalishaota, wakifika miezi saba wengi wanatulia wenyewe. Ungemlowekea kitambaa ukakigandisha kwenye friza akatafuna hicho.

Fundi wa Kisasa: Au mfupa wa kuku

Dokta wa Ng'ombe: Wa kupikwa hapana! Unapasuka ncha ncha unatoboa utumbo.

Fundi wa Kisasa: Natania dokta

Zabibu Kavu: Mrejesho. Jana boksi sebuleni, chupa ya maji ya moto, kalia kama dakika kumi kanyamaza mpaka adhana. Kakojoa kwenye zulia ila nimelala. Leo saa tatu nampeleka chanjo. Na barua yangu ya kiwanja nimeihamishia juu ya kabati.

Dalali Nala: Cha wapi hicho mkuu?